Kabla ya Kinshasa 1974: leseni ya Muhammad Ali ilivyochukuliwa na ilivyorudi

Wakongomani wengi wanajua habari ya alfajiri ya tarehe 30/10/1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8 kwenye uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Wachache wanajua kwamba miaka saba mbele ya hapo Ali alikuwa amekatazwa hata kupanda ulingoni.

Katika Marekani, bondia wa kulipwa hapigani bila leseni, na leseni hiyo haitolewi na serikali kuu. Majimbo ndiyo yanayoitoa, kupitia kamisheni zao. Tarehe 28/04/1967, mjini Houston, Ali alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akisema dini yake haimruhusu. Siku ileile kamisheni ya New York ilisimamisha leseni yake na kumvua ubingwa. Hakuna mahakama iliyokuwa imemhukumu bado. Hukumu ilikuja mwezi wa sita: kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10 000. Alikata rufaa na hakufungwa, lakini majimbo mengine yalifuata mfano wa New York. Pasipoti yake nayo ilichukuliwa, kwa hiyo hakuweza kwenda kupigana ng'ambo. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alitafuta mkate wake kwa kutoa hotuba katika vyuo vikuu.

Mlango wa kwanza ulifunguka Georgia. Jimbo hilo halikuwa na kamisheni ya ngumi, hivyo ruhusa ilikuwa mikononi mwa mji wa Atlanta. Huko, tarehe 26/10/1970, alimshinda Jerry Quarry katika raundi 3.

Mlango wa pili ulifunguliwa na mahakama. Mwezi wa tisa mwaka uleule, mawakili wake walionyesha, kwa daftari za kamisheni yenyewe, kwamba New York ilikuwa imetoa leseni mara zisizopungua 244 kwa watu waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa mbalimbali, wakiwemo wauaji, wanyang'anyi na watoro wa jeshi. Jaji Walter Mansfield aliona kwamba Ali alipimwa kwa kipimo ambacho wengine hawakupimwa nacho. Akaamuru apewe leseni. Tarehe 28/06/1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake kwa kura 8 bila pingamizi.

Karatasi ilirudi, lakini miaka mitatu na nusu haikurudi. Ali alishindwa na Joe Frazier mwezi wa tatu 1971, ikambidi ajenge upya njia ya kwenda kwenye ubingwa. Alipofika Kinshasa alikuwa na miaka 32. Foreman, aliyesimama mbele yake, alikuwa na 25: umri uleule aliokuwa nao Ali siku aliponyang'anywa leseni.