Mchai wa Zambarau ni Mali ya Nani?

Ukipanda vilima kutoka Fort Ternan kwenda Kericho, ewe msomaji, utaona mashamba ya chai yametanda hadi upeo wa macho. Huko Kericho, mwaka 2011, watafiti waliwatolea wakulima mchai wa majani ya zambarau, TRFK 306, tunda la kazi ya miaka 25 hivi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1972 humpa mkuzaji wa aina mpya haki ya kuuza miche yake. Mwaka 1999 nchi ikajiunga na muungano wa mataifa yalindayo haki hiyo. Lakini mchai hautunzi siri: kipande cha shina chenye jani moja na jicho lake huota kikawa mchai kamili, sawasawa na mama yake. Na tangu zamani jirani humwomba jirani mche, nami siwezi kumwita mwizi.