Taa za simba: Betri iwezavyo kutoa onyo kabla boma kuvamiwa

WAFUGAJI wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, wanapakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini hauna ua. Simba huvuka usiku na kuua mifugo, nao wenye mifugo hulipiza kisasi. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa huko kwa mikuki.

Richard Turere, akiwa na umri wa miaka 11, alitambua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Kwa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, aliunda taa zinazomweka kuzunguka boma. Alisimulia uvumbuzi huo katika kongamano la TED nchini Marekani mnamo 2013.

Hata hivyo, betri ikiisha usiku wa manane, boma hubaki gizani. Hapa ndipo maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, inapoweza kufaa.

Chipu hiyo huelewa tarakimu, ilhali volti ya betri hupanda na kushuka polepole bila tarakimu yoyote. Aidha, chipu nyingi za aina hii hazistahimili zaidi ya volti 5. Kwa hivyo sharti pawe na sakiti ya kuipokea volti hiyo kwanza.

Rezista mbili, ya kiloomu 30 upande wa chanya na ya kiloomu 10 upande wa hasi, huigawa volti kwa nne. Betri iliyojaa, yenye volti 12.7, hutoa takriban 3.18 baina ya rezista hizo. Kigeuzi cha chipu, chenye hatua 1,024 kwa volti 5, huisoma kuwa 650. Betri iliyokaribia kuisha, yenye volti 11.8, husomwa 604.

Tofauti ni hatua 46 pekee. Taa zinapomweka, volti hutikisika na kuvuruga kipimo. Dawa yake ni kapasita ndogo kati ya pini ya kupimia na waya wa hasi, pamoja na programu inayokadiria wastani wa vipimo vingi.

Pia, hasi ya betri na hasi ya chipu lazima ziunganishwe, la sivyo kipimo hakina maana.

Wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, chipu huweza kuamuru modemu ya simu itume ujumbe mfupi kwa mwenye boma, angali na muda wa kuwasha tochi.