Miaka 35 ya Roots & Shoots: Vijana 12 waliokerwa na baruti baharini

Jane Goodall alipofariki dunia Oktoba 1, 2025, akiwa California katika ziara ya mihadhara, wanafunzi wa shule moja ya Pasadena walikuwa wakimsubiri aje wapande miti pamoja. Habari ya msiba ikawafikia papo hapo, na miti wakaipanda hivyo hivyo. Dunia ikamlilia bibi wa sokwe wa Gombe, mwenye umri wa miaka 91. Waliosahauliwa katika salamu nyingi za rambirambi ni vijana wa Dar es Salaam, ambao bila wao wanafunzi wale wa Marekani wasingekuwa na kikundi cha kupandia miti. Mwaka huu mtandao wa vikundi vya vijana wa Roots & Shoots unatimiza miaka 35, na habari ya vijana hao inastahili kusimuliwa.

Upande wa Kigoma wa maisha ya Goodall unajulikana. Goodall alishuka Gombe Julai 1960 akiwa na mama yake, Vanne, kwa kutumwa na mtafiti Louis Leakey. Mwaka huo huo akamwona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kichuguuni, na wanasayansi wakalazimika kufikiri upya kuhusu mnyama na zana. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Klabu za wanyamapori mashuleni nazo hazikuwa jambo geni: Kenya ilikuwa nazo tangu 1968, na hapa kwetu Malihai ilianza mwaka 1980.

Lakini lililotokea mwaka 1991 halikupangwa na wizara wala na mfadhili. Wanafunzi 12 wa sekondari walifika nyumbani kwa Goodall, kwenye nyumba inayotazama Bahari ya Hindi jijini Dar es Salaam, wakakaa naye barazani. Mwenyewe aliisimulia siku hiyo tena na tena hadi uzee wake. Vijana wale walikuja na malalamiko. Walilalamikia ujangili hifadhini, miaka miwili tu baada ya Operesheni Uhai ya kupambana na majangili. Watoto wanaolala mitaani. Mateso wanayopata wanyama sokoni. Na baruti baharini. Walitaka kujua kwa nini wakubwa wamenyamaza. Goodall aliwaambia warudi shuleni kwao wakatafute wenzao wenye uchungu huo huo. Wakaenda, na vikundi vikaanza. Kanuni ikawa moja: vijana wenyewe wachague la kufanya, kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira.

Malalamiko ya baruti yanahitaji kuelezwa vizuri, maana msomaji wa bara huenda hajui ni kitu gani. Mvuvi hujaza chupa mbolea iliyochanganywa na mafuta, au hununua kwa magendo baruti za migodini na za kupasulia mawe. Huchomeka fataki na utambi, huwasha, hurusha palipo na kundi la samaki. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Wanaoelea huokotwa, wengi huzama na kuoza. Tumbawe lililokua kwa makumi ya miaka huwa kifusi kwa sekunde moja, na kwenye kifusi changu na pono hawana pa kuishi. Samaki wa baruti hujulikana akipasuliwa: nyama imelegea, mifupa imevunjika, damu imevilia tumboni. Mvuvi anayechelewa kurusha hupoteza mkono, au maisha.

Haya yote yalikuwa marufuku kisheria tangu 1970. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vinavyoonekana kwa macho ukiwa ufukweni, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Milipuko iliendelea hata hivyo. Basi wale vijana 12 hawakuwa watoto wa kufundishwa kupenda bahari. Walikuwa wakiikumbusha serikali sheria yake.

Kutoka barazani pale vikundi vilienea Tanzania, kisha nchi nyingi za dunia, China na Marekani zikiwemo. Nyumbani vita ya baruti ilichukua muda. Utafiti wa sauti za chini ya maji wa mwaka 2015 ulinasa milipuko zaidi ya 300 kwenye pwani yetu, zaidi ya nusu yake karibu na Dar es Salaam. Ilipungua tu baada ya doria kukazwa miaka iliyofuata.

Na leo? Mtoto wa Manzese au Tandale anaishi kilomita chache kutoka baharini, na wapo wanaomaliza darasa la saba hawajawahi kuona tumbawe. Sehemu kubwa ya ufukwe imezungushiwa kuta na mageti. Hili linauma katika jiji ambalo vijana wake waliifundisha dunia namna ya kuanzisha vikundi hivi.

Dawa haihitaji mamilioni. Msitu wa Pugu unafikika kwa basi la shule. Mikoko ya Kunduchi vilevile. Kutoka Kunduchi hadi Mbudya boti haichukui hata nusu saa, na siku za kazi boti nyingi hukaa bila abiria. Wenye boti wawapunguzie wanafunzi nauli siku hizo, kila mtoto avae jaketi la kujiokolea, na walimu wakuu waipange safari wakati wa maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali, ili watoto waweze kuutembelea mwamba kwa miguu.