Moto Juu, Barafu Chini

Keki nyingi zinazoliwa kwenye sherehe za Rangwe, Nyanza Kusini nchini Kenya, hazijawahi kuona oveni. Huokwa ndani ya sufuria kubwa: makaa machache chini, bati juu, na juu ya bati makaa mengine. Mwokaji hodari hujua kwa harufu tu kwamba makaa ya juu yamezidi. Naanza na bati hilo kwa sababu ipo keki moja mashuhuri isiyohitaji moto mwingine ila huo wa juu, na ndani yake imebeba aiskrimu iliyoganda kama jiwe.

Wamarekani huiita Baked Alaska, yaani Alaska ya kuokwa. Chini kuna keki laini, juu yake aiskrimu, na vyote hufunikwa kwa povu la ute wa mayai na sukari. Hutiwa kwenye moto mkali dakika tatu au nne. Povu hupata rangi ya kahawia, aiskrimu isiyeyuke. Wanaoisimulia hutaja zaidi hoteli na wapishi. Mimi naiona kuwa ni historia ya hewa.

Ute ukipigwa hunasa hewa katika viputo vidogo mno, na sukari huviimarisha. Hewa iliyofungiwa hivyo hupitisha joto polepole sana. Wajenzi wa Nyanza Kusini walilijua hilo kwa nyasi: nyumba ya nyasi hubaki na ubaridi wakati jua la mchana linachoma, kwa kuwa kati ya unyasi na unyasi kuna hewa isiyokwenda popote. Ulaya aliyelipima ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyepewa cheo cha Count Rumford. Alijaribu sufu, pamba, hariri na manyoya ya ndege, akaonyesha kwamba kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Mwaka 1792 Royal Society ya London ilimpa Nishani ya Copley. Wapo wanaodai keki yenyewe aliibuni yeye. Kwangu vipimo vyake vinatosha kumpa heshima.

Jina lilikuja baadaye. Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Charles Ranhofer, Mfaransa aliyeongoza jiko la mkahawa wa Delmonico's huko New York, alichapisha kitabu chake kinene The Epicurean mwaka 1894, na humo mkawa na mapishi aliyoyaita Alaska, Florida: nchi ya baridi na nchi ya joto katika sahani moja. Kinachonigusa ni aiskrimu aliyoiweka ndani, nusu vanila na nusu ndizi. Ndizi, rabolo ya Wajaluo, ile inayoota nyuma ya jiko.

Afrika Mashariki nayo imechangia elimu ya aiskrimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kwanza. Nafasi katika friza ilikuwa finyu, akaogopa kuikosa, akaweka yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, lakini kijana hakuliacha swali lake. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, na wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Mwaka huohuo wa 1969, mjini London, mwanafizikia Profesa Nicholas Kurti alisimama mbele ya wasikilizaji wa Royal Institution akaigeuza Alaska nje ndani kwa mawimbi ya maikrowevu: katikati moto, nje barafu. Napenda kuwaweka Kurti na Mpemba pamoja, profesa na mwanafunzi, kwa sababu wote walifika kwenye fizikia kwa njia ya jikoni.

Rangwe haina upungufu mkubwa wa vifaa. Mayai yapo, ndizi zipo, na sukari hutengenezwa jirani, Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kazi mwaka 1979. Shida ni kuifikisha aiskrimu ikiwa imeganda. Hapo wauza samaki wa ziwani wametangulia: mbuta na barafu yake husafiri katika masanduku yenye kuta za povu gumu, na kazi ya povu hilo ni ileile ya ute wa yai.

Basi, kwa anayetaka kuijaribu, bakuli la kupigia ute liwe kavu, bila tone la mafuta wala kiini, la sivyo povu halisimami. Ute wa mayai manne hupigwa, sukari ikiongezwa kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likipinduliwa kisianguke kitu. Povu lipakwe upesi juu ya aiskrimu na keki yake, lishuke hadi kwenye sahani pande zote, pasibaki tundu hata la ncha ya kidole, maana joto litapitia hapo. Kisha sahani iwekwe ndani ya sufuria isiyo na moto chini, bati lenye makaa mekundu lifunike juu. Ncha za povu zikianza kuwa kahawia, bati liondolewe na kisu kiwe tayari, kimechovywa katika maji ya moto.