Picha za Mtu Mwingine

Oktoba iliyopita nilisimama kwenye foleni nje ya Javits Center, jumba kubwa la vioo upande wa magharibi wa Manhattan. Mbele yangu walikuwa Spider-Man watatu, nyuma yangu baba mmoja aliyembeba mtoto mwenye masikio ya Yoda. Kwenye begi la mgongoni nilikuwa na chupa ya maji, nakala 5 za sura ya kwanza ya riwaya yangu, na bahasha ya kaki yenye michoro 12.

Sura ile nilikuwa nimeihariri kwa miezi miwili. Bahasha haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu wa Mwanza, tuliyesoma naye sekondari. Siku naondoka alinikabidhi akasema, "We nenda nazo tu hizi picha. Ukikutana na mtu anayejua kuchora, muonyeshe, halafu uniambie amesemaje."

Mimi na yeye tulianzia pamoja. Kwa kinyozi wa mtaani kwetu kulikuwa na rundo la nakala kuukuu za Sani, na tulikuwa tunaenda kunyoa hata nywele zikiwa hazijaota, ili tu tumsome Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Baadaye tukamkuta Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja na kiko chake. Mimi nikataka kuandika, yeye akataka kuchora. Sasa mimi nasomea shahada ya uzamili katika historia huku Marekani, na riwaya yangu ina mpelelezi wa Kigamboni mwaka 2090, bahari ikiwa imemeza nusu ya Posta. Yeye yuko Mwanza, anachora mabango ya saluni na picha za maharusi.

New York Comic Con huchukua siku 4 na kupokea watu takriban 200,000. Fikiria Sabasaba siku yenyewe ya tarehe 7 Julai, halafu nusu ya watu wamevaa kama watu ambao hawajawahi kuishi. Ilianza Februari 2006, na mwaka huohuo wa kwanza watu walifurika hadi Jumamosi milango ikafungwa, na waliokwisha kununua tiketi wakabaki nje kwenye baridi. Wanafunzi wa historia tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kuingia mahali bila kuuliza nani aliingia kabla yetu, na nani alizuiwa. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya tamasha nilikuwa maktaba.

Nilichokikuta kwanza kilinishangaza. Desemba 1929 vijana wachache wa New York waliokuwa wakisoma magarida ya hadithi za kisayansi waliunda klabu wakaiita Scienceers. Ni miongoni mwa klabu za mwanzo kabisa za mashabiki wa hadithi hizi. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana Mweusi, na walikuwa wakikutana nyumbani kwake Harlem. Mimi nilidhani nakwenda kama mgeni kwenye karamu ya watu wengine. Kumbe baadhi ya viti vya kwanza vya karamu hiyo vilipangwa kwenye sebule ya Harlem.

Kisha nikafika 1939. Mwaka huo New York ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na mashabiki wakatumia nafasi hiyo kuitisha mkutano wao. Tarehe 2 Julai watu wapatao 200 walikusanyika katika ukumbi ulioitwa Caravan Hall, Mtaa wa 59, upande wa mashariki wa Manhattan. Huo ndio unaohesabika kuwa mkutano wa kwanza wa dunia wa hadithi za kisayansi, babu wa Comic Con zote. Forrest Ackerman wa Los Angeles alitembea mjini akiwa amevaa joho na suruali ya mtu wa karne zijazo. Kwa miaka mingi sifa za vazi hilo zilimwendea yeye. Aliyelibuni na kulishona, lake na la kwake mwenyewe, ni Myrtle Douglas, aliyekuwa naye siku hiyo.

Mlangoni palikuwa na ugomvi. Waandaaji, wakiongozwa na Sam Moskowitz, walikuwa na uhasama wa siku nyingi na kundi la vijana wa mrengo wa kushoto lililojiita Futurians. Vilipokutwa vijitabu vya kuwashambulia waandaaji, watu sita wa kundi hilo wakazuiwa kuingia. Kati yao walikuwemo Donald Wollheim, Frederik Pohl aliyekuwa na miaka 19, na Cyril Kornbluth ambaye hakuwa hata amefika miaka 17. Aliyeandika vijitabu hivyo, Dave Kyle, aliingia bila shida. Isaac Asimov naye alikuwa wa kundi hilohilo, na hadithi yake ya kwanza ilikuwa imetoka miezi michache tu iliyopita. Aliingia, akakaa ndani, wenzake wakiwa nje.

Waliofungiwa nje ndio waliokuja kushika kalamu nyekundu. Pohl alianza kuhariri magarida akiwa bado kijana wa miaka 20 hivi, kisha akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa fani. Wollheim alihariri vitabu kwa miongo kadhaa, na mwaka 1971 akaanzisha kampuni yake ya DAW Books.

Hadithi hiyo niliipenda mno. Niliibeba kama hirizi. Nilijiambia kwamba hata nikikataliwa, nitakuwa nimekataliwa pamoja na Pohl.

Sikukataliwa. Ingekuwa afadhali. Alhamisi nilizunguka meza za wachapishaji hadi nikapata ujasiri wa kusimama mbele ya mhariri mmoja wa kampuni ndogo. Alikuwa mpole. Akaniambia, "Nieleze kitabu chako kwa sentensi moja." Nilianza na bahari, nikaenda kwa mpelelezi, nikarudi kwa babu yake, nikaeleza Kigamboni ni wapi, nikaeleza kivuko. Nadhani nilitumia dakika nne. Akatabasamu, akanipa kadi yenye anwani ya tovuti, akamtazama aliyekuwa nyuma yangu. Pembeni, kijana aliyevaa gwanda la Black Panther aliuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akakunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda, nami nikamrudishia. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu ya siku.

Usiku rafiki yangu akaandika: "Vipi, umewaonyesha?"

Nikajibu: "Bado. Foleni ndefu sana."

Ijumaa akauliza tena, nikajibu vilevile. Ukweli ni kwamba ukumbi wa wachoraji nilikuwa nimeupita mara tatu. Wachoraji wamekaa mezani, mmoja mmoja, na baadhi walikuwa hawana mteja. Foleni haikuwepo. Nilikuwa nahesabu tu. Nilijiambia nina pumzi ya kuomba mara chache, na sitaitumia kwa ajili ya picha za mtu mwingine.

Jumamosi jioni miguu ilikuwa inawaka moto, lakini nilitoka nikatembea kuvuka mji hadi Mtaa wa 59. Nilitaka kupaona. Hakuna cha kuona. Ni majengo marefu ya ofisi, teksi, na mtu mmoja anauza karanga za kuchoma zenye sukari. Nilinunua, nikakaa ukingoni mwa ngazi, nikasoma maelezo niliyoyaandika maktaba. Niliyaandika kwa haraka nikitafuta habari za mlango, na palikuwa na jina moja nililokuwa nimelipita bila kulipa uzito.

Mwaka 1939 Ray Bradbury alikuwa na miaka 18. Alikuwa anauza magazeti mtaani Los Angeles, na chuo hakuwahi kwenda. Ili afike New York alikopa nauli kwa Ackerman, yule wa joho, akapanda basi akavuka Marekani nzima. Alikuwa anataka kuwa mwandishi kuliko kitu chochote. Lakini alipokwenda kwenye ofisi za wahariri, alichokuwa amebeba mkononi ni kazi ya rafiki yake mchoraji, Hannes Bok. Alimwonyesha Farnsworth Wright, mhariri wa gazeti la Weird Tales, na Wright akazipenda picha. Desemba ya mwaka huohuo picha ya Bok ilikuwa kwenye jalada la Weird Tales.

Bradbury mwenyewe alisubiri. Hadithi yake ya kwanza kulipwa ilitoka 1941, na aliiandika na mtu mwingine, Henry Hasse. Agosti 1970, mashabiki wa San Diego walipoitisha tamasha lao la kwanza la siku tatu, hotelini, watu wapatao 300 tu, Bradbury alikuwa mmoja wa wageni walioalikwa. Tamasha hilo ndilo lililokua likawa Comic-Con.

Sisemi kwamba alifanikiwa kwa sababu alibeba picha za Bok. Historia haina hesabu rahisi hivyo, na mwalimu wangu angenikata alama. Nasema tu kwamba alikuwa maskini kuniliko, mdogo kuniliko, ana njaa ya kuandika kama yangu, na alipopata dakika chache mbele ya mhariri wa Weird Tales alifungua kazi ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi mbele ya mlango ambao haupo tena, nina bahasha ya kaki ambayo haijafunguliwa tangu Dar.

Jumapili nilifika mapema. Nilimfuata mchoraji mmoja mwenye mvi, kwa sababu alikuwa anachora badala ya kutazama simu. Nikamwambia picha si zangu. Akafuta vidole, akazitazama zote 12, polepole, akazirudia mbili. Alikaa sana kwenye picha ya daladala usiku, kondakta ananing'inia mlangoni na mwanga wa taa umemkata uso katikati. Akaniuliza kama mchoraji huyu amesomea. Nikasema anachora mabango ya saluni. Akasema vivuli ni vya mtu anayejua anachokifanya, na mikono bado. Akaandika jina la ukurasa wake wa Instagram nyuma ya kadi, akaniambia nimwambie amtumie kazi mpya.

Sikutoa sura yangu. Haikunijia hata akilini, hadi nilipokuwa kwenye treni.

Kwenye treni niliandika ujumbe mrefu. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba hapakuwa na foleni. Alama mbili za bluu zikatokea, kisha kimya kwa vituo vinne. Kisha likaja jibu.

"Kwa hiyo tangu Alhamisi ulikuwa unaniongopea."

Nikaandika, "Ndiyo. Nisamehe."

Akawa anaandika, anaacha, anaandika.

"Tutaongea hilo. Kwanza niambie, mikono amesemaje? Ya kondakta au yote?"