Nyongeza Inayosubiriwa: Historia ya Maili za Bonasi

Katika masoko yetu ya Uganda, mtu akishalipia fungu la nyanya humwomba muuzaji enyongeza, naye muuzaji humtupia moja au mbili juu ya fungu. Neno hilo linafanana na lile la Kiswahili: nyongeza, kutokana na kitenzi kuongeza. Wanafunzi wangu hulifurahia sana, kwani hugundua kwamba walikuwa wakitumia sokoni neno linalofanana na la Kiswahili kabla hawajakisoma darasani. Leo, ndugu wasomaji, nataka tuitazame nyongeza ya namna nyingine, inayotolewa Marekani, ambayo watu huweza kuisubiri mwaka mzima.

Aliyenifanya niichunguze ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi Massachusetts. Mwaka juzi alimwahidi mama yake tiketi ya ndege ili akamtembelee. Miezi ikapita. Nilipomuuliza, akanijibu, “Shemeji, nangoja bonasi ipande.” Benki moja ya huko ilikuwa ikimpa kila mwombaji mpya wa kadi ya mkopo maili 50,000 za ndege, naye alisadiki kwamba kabla ya mwaka kwisha zingefika 75,000. Maili hizo hazipimi umbali. Ni hesabu anayowekewa mteja, ambayo baadaye huibadilisha kwa tiketi.

Asili ya jambo hili imo katika mwaka 1978. Mwezi Oktoba mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoanza kuiondolea serikali mamlaka ya kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Kabla ya hapo mashirika hayakuweza kushindana kwa bei. Sasa yalilazimika kugombea abiria. Mwezi Desemba, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo la makao yake. Benki zikaelewa upesi. Citibank ilihamishia shughuli zake za kadi South Dakota mwaka 1981, baada ya jimbo hilo kuondoa kikomo cha riba. Sheria ya kwanza ilizaa maili, na uamuzi wa pili ukazifanya kadi kuwa biashara yenye faida kubwa. Nadhani waliohusika hawakuona kwamba mambo hayo mawili yangekutana.

Maili zilitangulia. Tarehe 1 Mei 1981, American Airlines ilianzisha mpango wa AAdvantage. Ilipekua mfumo wake wa kompyuta, Sabre, ikitafuta namba za simu zilizojirudia katika orodha za abiria, na kwa njia hiyo ikawatambua wanaosafiri mara kwa mara. United ilifuata baada ya siku chache tu. Kisha mwaka 1987 Citibank na American Airlines wakaunganisha mambo hayo mawili: kadi ya mkopo iliyompa mteja maili moja kwa kila dola aliyotumia, hata akinunua mkate. Kwa kadi hiyo mtu aliweza kukusanya maili bila kupanda ndege.

Kwa nini benki itoe zawadi kabla mteja hajaizoea kadi? Jibu limo katika kosa la zamani. Mwaka 1958 Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila hata mmoja wao kuomba. Wizi na madeni yasiyolipwa viliitia benki hasara ya mamilioni. Mwaka 1970 sheria ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba. Ikawa lazima mtu aombe mwenyewe, na ili aombe, sharti ashawishiwe. Wavuvi wana neno lao kwa kitu cha namna hiyo: chambo.

Lakini kuna samaki wanaojua kula chambo na kuiacha ndoana. Walijitokeza watu waliozisoma bonasi kama mabaharia wasomavyo pepo, wakijua lini hupanda na lini hushuka. Wengine walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2008, kiwanda cha sarafu cha serikali kiliuza sarafu za dola moja kwa thamani yake ileile na kuzisafirisha bure. Wawindaji wa maili walizinunua kwa kadi, wakapeleka maboksi yaleyale benki, wakalipa deni kwa fedha hizohizo na kubaki na maili. Serikali ilikomesha malipo ya kadi mwaka 2011. Nakiri kwamba nilipolisoma hili nilicheka peke yangu.

Kilele kilifika Agosti 2016, benki ya Chase ilipotoa kadi ya Sapphire Reserve: pointi 100,000, zinazoweza kuhamishiwa mashirika kadhaa ya ndege, kwa atakayetumia dola 4,000 katika miezi 3. Waombaji walikuwa wengi hata madini ya kutengenezea kadi yakapungua. Januari iliyofuata bonasi ikakatwa nusu. Waliochelewa walijilaumu, na hapo ndipo wengi walipojifunza kungoja.

Ni nani hulipia yote haya? Mwenye duka hutozwa takribani asilimia 2 ya kila malipo ya kadi, naye huiingiza katika bei, kwa hiyo hata anayelipa taslimu huchangia. Asiyemaliza deni lake kila mwezi huchangia zaidi, kwa riba. Utafiti uliotolewa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2023 ulikadiria kwamba zawadi za kadi huhamisha takribani dola bilioni 15 kila mwaka kutoka kwa wenye elimu ndogo kwenda kwa wenye elimu zaidi, na kutoka maeneo maskini kwenda maeneo tajiri. Enyongeza ya sokoni hutoka katika kikapu cha muuzaji mwenyewe. Hii hutoka katika kikapu cha mnunuzi aliyesimama nyuma yako.

Biashara hiyo imekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zilipokaa chini kwa sababu ya korona, United iliweka mpango wake wa maili kuwa dhamana ya mkopo wa mabilioni ya dola. Ila mwenye maili mkononi hana dhamana yoyote. Bei ya tiketi kwa maili hupangwa na shirika, nalo huibadilisha lipendapo. Delta iliondoa kabisa jedwali la bei hizo mwaka 2015.

Bonasi ya shemeji ilipanda, kama alivyotabiri. Akaomba kadi, akanunua jokofu ambalo hakulihitaji ili afikishe kiasi kilichotakiwa, akapata maili zake 75,000. Alipotafuta safari kutoka Entebbe, maili zilizohitajika zilikuwa zimepanda kupita hizo. Mwezi uliopita mama mkwe aliniuliza kama pasipoti yake, aliyoichukua kwa ajili ya safari ile, itakwisha muda lini. Nilimwangalizia: imebaki miaka 8.