Kazi ya kikundi darasani: jinsi inavyoendeshwa na mambo ya mzazi kuangalia

Mzazi akipita nje ya darasa la Gredi ya 4 siku hizi atasikia kelele. Watoto wamegeukiana kwenye madawati, wengine wamesimama, na mwalimu haonekani mbele ya ubao. Sisi tuliosoma chini ya 8-4-4 tulizoea kwamba darasa lenye kelele ni darasa lisilo na mwalimu, na kiranja ameshika karatasi anaandika majina. Ndiyo maana katika mikutano ya wazazi lalama huwa ni ileile: watoto hawafundishwi, wanacheza tu.

Kikundi si matakwa ya mwalimu mmoja mmoja. Mtaala wa Umilisi, wenyewe tunauita CBC, ulianza kutumika nchi nzima Januari 2019 katika madarasa ya chini, ukawa unaondoa kidogo kidogo mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mtaala huu unataja umilisi wa aina saba ambao mtoto anapaswa kuujenga katika kila somo, na wa kwanza katika orodha hiyo ni mawasiliano na ushirikiano. Kwa hivyo mwalimu anapoandaa somo, iwe ni Hisabati, Kiswahili au Sayansi, anatakiwa aonyeshe watoto watafanya nini peke yao, watafanya nini wawili wawili, na watafanya nini kikundini.

Tuchukue somo la kupima urefu. Kipindi cha madarasa ya juu ya msingi ni dakika 35, kwa hivyo hakuna muda wa kupoteza. Mwalimu anakumbusha sentimita ni nini, kisha kila kikundi cha watoto wanne au watano kinapewa kipande cha ukili. Kabla ya kugusa rula, kila mmoja anakadiria urefu na kuuandika katika daftari lake. Halafu wanapima kwa zamu. Mmoja anasema ni 43, mwenziwe anashikilia 44. Wanabishana, wanapima tena, mpaka mmoja anagundua kwamba aliyepata 44 ameanza kupimia kwenye alama ya 1 badala ya sifuri. Kosa hilo walimu wanalijua miaka nenda miaka rudi. Likielezwa ubaoni, mtoto huitikia na kesho akalirudia. Likigunduliwa na mwenziwe mbele ya macho yake, hukaa kichwani.

Zingatia pale mwanzo: kila mmoja aliandika kadirio lake kwanza. Hapo ndipo kikundi kinapofaulu au kinapoanguka. Watoto wakikusanyika bila mtu kuwa na wazo lake mwenyewe, mwepesi wa kusema ataamua na wengine wataitikia. Mwalimu mjuzi huwapa dakika moja au mbili za kimya, kisha huwaacha wazungumze wawili wawili, na baadaye ndio huwafungulia kikundi.

Baada ya hapo kuna majukumu. Mwenyekiti anahakikisha kila mtu amesema, katibu anaandika, mtunza saa anakumbusha muda, mgawa vifaa anachukua na kurudisha, na msemaji analielezea darasa. Majukumu haya lazima yazunguke. Yasipozunguka, mambo huwa yaleyale: msichana mwenye mwandiko mzuri ni katibu mwaka mzima, mvulana mwenye sauti ni msemaji mwaka mzima, na yule mpole wa pembeni ni wa kushika kalamu za rangi. Njia nyepesi ya kuzuia hilo ni kuwapa watoto nambari. Kazi ikiisha, mwalimu anaita, "Nambari tatu wa kila kikundi asimame." Hakuna anayejua mapema ataitwa nani, basi kikundi chenyewe kinahangaika kumfundisha aliye nyuma.

Kuna mbinu nyingine inayomfanya kila mtoto ahitajike kweli. Chukua somo la mikoko, ambayo watoto wetu wengi wanaiona wakienda na kurudi shule. Katika kila kikundi cha wanne, mmoja anasoma kuhusu mkoko wenyewe na mizizi yake iliyotandaa juu ya tope kama miguu. Wa pili anashika mchu, ambao majani yake hutoa chumvi. Wa tatu ana mlilana, unaoota ukingoni kabisa kuelekea bahari. Wa nne ana mkandaa, ambao magome yake hutoa rangi. Wote wenye mchu darasani wanakutana kwanza waelewane, vivyo hivyo na wenye miti mingine, halafu kila mmoja anarudi kwao kuwafundisha wenziwe. Swali la mwisho linahusu miti yote minne, kwa hivyo asiyemsikiliza mwenziwe amepungukiwa.

Mbinu hii ilianzishwa mwaka 1971 na mwanasaikolojia Elliot Aronson katika shule za Austin, Texas, wakati watoto weupe na weusi walipokuwa wameanza kuwekwa darasa moja na hawasikilizani. Alitaka kila mtoto awe na kitu ambacho wengine hawawezi kukipata ila kwake. Na kwetu, mkubwa kumsikilizisha mdogo ni jambo la kawaida chuoni tangu zamani. Lililo jipya ni kulileta katika Hisabati.

Sasa tuje kwenye alama. Mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, ulipangwa uchangie asilimia 40, na 60 zitokane na tathmini za shuleni kuanzia Gredi ya 4. Ndani ya tathmini hizo mna kazi za mradi. Mradi ukifanywa na kikundi, na ndani ya kikundi ukafanywa na mtoto mmoja, watano watarekodiwa kwamba wamefikia matarajio ilhali wanne hawajui kilichofanywa. Mtoto huyo hatasaidiwa, kwa sababu katika rekodi hana tatizo. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko kuanguka mtihani, maana aliyeanguka angalau anajulikana.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mtoto anayezungumza Kigiryama au Kiamu nyumbani anaweza kunyamaza wiki nzima mbele ya mwalimu kwa kuogopa kuchekwa Kiingereza chake. Kikundini atauliza kwa lugha anayoiweza, aeleweshwe, kisha msemaji asaidiwe kulitafuta neno la Kiingereza. Mwalimu anayekataza hata mnong'ono wa lugha ya nyumbani katika hatua hiyo anajinyima faida kubwa ya kikundi.

Na darasa likiwa na watoto 70? Inawezekana, ila si kwa kuhamisha madawati. Walioketi dawati la mbele wanawageukia wa nyuma, basi kikundi kimepatikana. Vifaa havihitaji duka. Vizibo vya soda, vifuu, mbegu za mkwaju na komwe vinatosha kuhesabia, kugawanya na kupanga makundi. Mtaala wenyewe unahimiza vitu vinavyopatikana katika mazingira, kwa hivyo mzazi anayetumwa karatasi za manila na picha za kuchapisha kila wiki ana haki ya kuuliza kwa adabu kama hakuna kingine kitakachofaa.

Nyumbani, kumuuliza mtoto "mmesoma nini leo?" hakuzai jibu. Muulize kikundini alikuwa nani, alisema nini, na mwenziwe gani alimpinga. Akikwambia kwamba tangu muhula uanze kazi yake ni kupiga mistari ya pambizo, nenda kwa mwalimu wa darasa ukaombe kuliona faili lake la kazi. Humo mnatakiwa kuwa na kazi alizozifanya mwenyewe, kwa mwandiko wake, zenye maoni ya mwalimu. Ukikuta mna karatasi za kikundi peke yake, muombe mwalimu ampe jukumu jingine wiki ijayo, na urudi kuuliza lilikwendaje.